Kisu Kilichochelewa

Mimi ni fundi wa magari. Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliacha nikiwa darasa la tano, baba alipokufa, na tangu hapo nimekuwa chini ya magari ya watu huko mtaa wa Buyenzi. Naandika haya kwa sababu watu wanaisimulia habari yangu vibaya. Wengine wanasema niliwalisha wageni nguruwe. Sikuwalisha nguruwe. Nilichofanya ni kibaya cha namna nyingine, na nitakieleza kilivyokuwa.

Kwa miaka kumi na moja nilitengeneza pikapu mbili za chama cha wawindaji. Wako watu kumi na wawili. Mwenyekiti ni mzee Thabit, muuza vitambaa wa mtaa wa Rohero. Babu yake alitoka Omani, na mwenyewe alikuwa na maduka mawili mpaka soko kuu lilipoungua, akabaki na moja. Wanakutana nyuma ya duka hilo. Wana kibali cha kuwinda nje ya mbuga, kule wanakoitwa na wakulima ambao maharagwe yao yanamalizwa na wanyama. Kila Ijumaa baada ya sala waliniletea gari niangalie breki na oili. Kila Jumatatu walilirudisha limejaa matope na manyoya, wakasimama kando yake wakisimulia. Mimi niko chini, naona viatu vyao tu. Watu wanacheka juu yako, wewe umeshika spana, na huwezi kucheka nao kwa sababu si wewe wanayekusimulia.

Mara mojamoja mzee Thabit aliniletea paja la mnyama limefungwa kwenye gazeti. Alilitoa dirishani bila kushuka.

"Fundi, hii ya watoto."

Nilishukuru. Nyama ilikuwa nzuri. Lakini nilipokula nilijiambia kwamba siku moja na mimi nitakuwa ndani ya gari, si mtu wa kupewa kitu dirishani.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilijikokota kutoka chini ya pikapu, nikafuta mikono, nikasema: "Mzee, mi nataka kuingia chama."

Rachid alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba. Huyu anauza vipuri vya pikipiki, na ulimi wake haujawahi kupumzika. Aliangalia tumbo langu kwanza, kisha uso.

"We? Na hiyo tumbo? Fundi, hata mbuzi aliyefungwa kamba atakuacha."

Walicheka wote. Mzee Thabit hakucheka. Alisema, "Muache. Kila mutu hapa alianza na kisu. Na yeye aanze."

Inabidi nieleze hicho kisu, maana kila kitu kimetoka hapo. Chama kina Waislamu tisa na Wakristo watatu, na hawajawahi kugombania nyama. Risasi inaponda. Mashehe waliwaambia zamani kwamba mnyama aliyepigwa risasi si halali kwetu mpaka afikiwe roho ikiwa bado imo, achinjwe kwa jina la Mungu. Kwa hiyo bunduki ikilia, mtu mmoja hukimbia na kisu. Akimkuta mnyama yuko hai, anachinja, na nyama inagawiwa wote kumi na wawili. Akimkuta amekufa, nyama yote ni ya wale Wakristo watatu, hata awe mnyama mkubwa kuliko wote wa mwaka ule. Hakuna anayenung'unika.

Anayekimbia na kisu ni mgeni anayetaka kuingia. Anatoka nao mara tatu. Akirudi kutoka kwa mnyama, mwenyekiti anamwuliza mbele ya wote, "Kisu kimewahi?" naye anajibu neno moja. Haapishwi. Hakuna anayekwenda kukagua. Kikiwahi hata mara moja, nyama ya siku hiyo inapikwa nyumbani kwa mgeni, chama kizima kinakuja kula naye, na hapo amekuwa mwenzao. Kisipowahi mara zote tatu, anashukuriwa, anarudi kwenye kazi zake, na akitaka anaomba tena baada ya miaka mitatu.

Nilipomweleza mke wangu, Mwanamwema, alipaka sebule rangi. Sikumwambia apake. Alinunua ndoo ya rangi ya bahari, akapanda juu ya kiti, na kila aliyepita mlangoni kwetu, mtaani Nyakabiga, alimwambia: "Tunangojea wageni. Mume wangu anaingia chama ya kina Thabit." Hakusema anataka kuingia. Alisema anaingia.

Mara ya kwanza tulitoka mwezi wa sita. Zayd, mpwa wa mzee Thabit, ndiye mpigaji wao mkubwa. Alimpiga pongo jike, swala wa vichakani, kwenye mteremko, ng'ambo ya kijito. Nilikimbia. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa, ulimi nje. Nilirudi kichwa chini.

"Kisu kimewahi?"

"Hakikuwahi."

Mzee Thabit aliitikia kwa kichwa, basi. Fulgence, mwenye mbwa, akambeba yule mnyama mabegani. Fulgence ni Mkatoliki, jirani yangu wa avenyu ya tatu, mtu wa maneno machache. Rachid alinigeukia: "Fundi, we ulikimbia ao ulikuwa unatafuta mahali ya kukaa?"

Mara ya pili hatukuona hata sungura. Tulirudi na jua tu vichwani.

Ikabaki ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi wa saba, nyuma ya mashamba ya mpunga ya kando ya mto Mpanda, pale ardhi inapoanza kupanda. Nyasi zimekauka, vumbi kila mahali. Asubuhi saa tatu hivi mbwa wa Fulgence walimtoa pongo dume kwenye kichaka. Zayd alipiga mara moja. Mnyama alianguka, akainuka, akatumbukia kwenye korongo. Mzee Thabit alinigusa bega. "Nenda."

Nilikimbia kama sijakimbia tangu utoto. Kisu mkononi, kanzu fupi imenasa kwenye miiba. Kwenye ukingo wa korongo niliteleza kwa makalio hadi chini. Fulgence alikuwa amefika, ameshika mbwa wake kwa kamba. Pongo alikuwa amelala ubavu. Nzi alikuwa anatembea juu ya jicho lake, na jicho halikupepesa.

Fulgence alisema taratibu, "Pole, ndugu yangu."

Alikuwa na maana kwamba amekufa. Na mimi nilielewa. Nataka hilo lijulikane: nilielewa. Sikukosea.

Kutoka juu nikasikia sauti ya Rachid. "Fundi! Umefika ao tukuletee kiti?"

Wakacheka. Nikapiga magoti. Nikashika pembe, nikageuza shingo, nikasema "Bismillahi, Allahu Akbar" kwa sauti kubwa ili isikike juu, nikakata. Damu ilitoka polepole, nyeusi, kama oili ya gari lililolala. Hakurusha mguu. Hakukoroma. Nilikuwa nimemtajia Mungu mzoga.

Fulgence aliangalia mkono wangu, halafu akaniangalia mimi. Nilingoja aseme. Kama angesema neno, nafikiri ningeweka kisu chini. Hakusema. Alivuta mbwa, akaanza kupanda.

Juu walikuwa wamesimama nusu duara. Mzee Thabit akauliza kama desturi.

"Kisu kimewahi?"

"Kimewahi."

Neno moja. Lilitoka kirahisi kuliko mate. Mzee Thabit alinikumbatia, na kanzu yake ilinuka udi. Zayd alinipiga mgongoni. Hata Rachid alikuja, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Haya basi. Toka leo we si fundi. We ni Tajudini."

Miaka kumi na moja hakuwahi kuniita kwa jina. Sikujua hata kama alikuwa analijua.

Walinikalisha mbele ya gari, kati ya dereva na mzee. Fulgence alikaa nyuma pamoja na mbwa na mnyama. Ningesema kweli, mnyama mzima angekuwa wake na wenzake wawili. Sasa alikuwa mgeni wa nyama yangu. Njia yote mzee alinisimulia mambo ya baba yake na mimi nikaitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee", na nyuma ya shingo yangu, kupitia kioo, nilijua kuna mtu anayejua.

Mwanamwema alipoona nyama inashushwa alipiga vigelegele mlangoni mpaka majirani wakatoka. Nilimfuata jikoni nikiwa na nia ya kumwambia. Alikuwa ameinamia beseni, anaosha nyama, anaimba.

"Mama," nilisema.

"Sema."

"Chumvi iko?"

"Iko, baba. Nenda ukaoge. Unanuka kama mbuzi."

Nilikwenda kuoga.

Karamu ilikuwa kesho yake, Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Aliyepika ni Sijaona, dada yake mkubwa Mwanamwema, mpishi wa harusi anayejulikana Nyakabiga nzima. Tangu asubuhi alikuwa uani na sufuria moja kubwa ya pilau, mwiko mkononi. Mimi nilikaa kwenye ndoo karibu na ukuta, nikimwangalia. Kila mara alichota kidogo, akapuliza, akatia mdomoni. Kila mara alipotia mdomoni mimi nilifumba macho.

"Shemeji, we unaumwa?"

"Apana."

"Nyama hii laini! Nakwambia, ukichinja na roho safi nyama inakubali moto. Angalia." Akanipa kipande kwenye mwiko. "Onja."

"Nitakula na wageni."

"Ee! Sasa umekuwa tajiri, hutaki kuonja kama sisi."

Hapo ningeweza kusema. Uani tulikuwa wawili tu. Ningesema, angenitukana, tungeimwaga au kuipeleka inakostahili, tungekimbia kununua mbuzi, wageni wangechelewa kula kwa saa mbili. Nililijua hilo lote. Niliendelea kukaa kwenye ndoo. Nilikuwa nafikiria ile rangi ya sebule.

Wageni walikuja saa saba. Fulgence alikuja peke yake akitoka kanisani, shati jeupe limepigwa pasi. Nilimvuta pembeni, nyuma ya bafu.

"Fulgence, ndugu yangu. Jana..."

"Jana nini?"

"Uliona."

"Niliona."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Alinishangaa kweli. "Mi? Usiniangalie mi, Tajudini. Mi si padri wako. Mi nitakula hii nyama bila shida yoyote. Ilikuwa yangu toka jana." Akatengeneza kola ya shati. "Wale ndio uwaangalie," akasema, akaingia ndani.

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga. Nilikuwa nimewaza jana yake yote kwamba ameninyamazia kama rafiki. Hakuwa ameninyamazia. Alikuwa ameniachia.

Sebuleni walikuwa wamekaa chini kwenye mkeka, masinia matatu. Mzee Thabit, na magoti yake mabovu, alikataa kiti. "Leo nakaa na mwenye nyumba," akasema, akanivuta kando yake. Akasoma dua. Akaomba kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya Mwanamwema, kisha akasema: "Na Mungu amurehemu baba yake, Atumani, aliyemulea mutu mukweli." Sijui nani alimwambia jina la baba. Lazima aliuliza. Alikwenda akauliza watu jina la baba wa fundi wake, ili amwombee.

"Amin," wakasema.

Desturi yao ni kwamba mwanachama mpya anafanya tonge la kwanza, na kipande cha nyama ndani yake, anamlisha mwenyekiti kwa mkono wake. Baada ya hapo wote wanakula. Nilifanya tonge. Wali ulikuwa wa moto, nyama ilikuwa inaachana yenyewe. Nilinyoosha mkono. Mzee Thabit alifungua mdomo kama mtoto, macho yanacheka.

Mkono wangu ulisimama.

"Vipi?" alisema.

"Hakikuwahi."

"Nini?"

"Kisu. Jana. Hakikuwahi, mzee. Alikuwa amekufa. Nilimkata akiwa amekufa."

Feni ilikuwa inazunguka. Halafu Rachid, kwenye sinia la pili, alitoa sauti kama mtu aliyekabwa. Hakuwa amengoja. Tumbo lake halingoji mtu. Alikuwa amekwisha kumeza tonge zima. Aliruka masinia, akatoka mbio, tukamsikia uani anasukutua na kutema, anasukutua na kutema.

Pazia la jikoni likafunguka. Alikuwa Sijaona, mwiko bado mkononi.

"Shemeji, umesema nini?"

Akaja mpaka kwenye mkeka.

"Mi nimeonja toka asubuhi! Chumvi, nikaonja. Pilipili, nikaonja. Nimenyonya na mufupa! Na we ulikuwa umekaa pale kwenye ndoo unaniangalia!"

Nyuma yake nilimwona Mwanamwema. Aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia ukuta, ile rangi yake. Ningependa angepiga kelele.

Zayd alicheka kidogo, cheko la woga. Mzee Thabit akamkazia macho. Tonge lilikuwa bado mkononi mwangu, grisi inashuka kwenye kiwiko. Sikujua pa kuliweka. Nikalirudisha kwenye sinia.

"Fulgence," mzee alisema. "We ulikuwa kule chini. Ulijua?"

"Nilijua, muzee."

"Na ukanyamaza."

"Muzee, uliuliza yeye. Mi hukuniuliza."

Mzee alifikiri. "Ni kweli," akasema. "Hatuulizi wa pili. Ndiyo chama yetu ilivyo."

Halafu akanigeukia. Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Tajudini, kuchelewa si aibu. Zayd alichelewa mara mbili kabla ya kuwahi. Rachid yule anayetema pale inje, alichelewa zote tatu. Tulimungoja miaka mitatu, akarudi. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hawezi kukwambia. Anajua kucheka tu." Akapangusa vidole vyake, ambavyo havikuwa vimegusa kitu. "Lakini we ulitaja jina la Mungu juu ya mufu, ili sisi tusikie. Sisi tunatuma mutu mumoja na kisu kwa sababu hatutaki kumufuata na macho. Sasa unataka tumufuate kila mutu?"

"Apana, mzee."

"Kisu kiko wapi?"

Nilikitoa ndani ya kabati. Alikipokea, akakifunga kwenye leso yake, akakitia mfukoni.

"Hii nyama ina mwenyewe," akasema. "Mupelekee Fulgence, atagawa na wenzake wawili. Ubebe we mwenyewe, sasa hivi, mchana. Na mutu akikuuliza njiani, umujibu. Usiseme chakula imeungua."

Aliinuka kwa shida. Nilinyoosha mkono nimsaidie, na Zayd akatangulia kumshika. Walitoka mmoja mmoja. Wengine walisema "Assalamu alaykum" na wengine hawakusema. Fulgence alitoka nao. Mlangoni alisema tu, "Mke wangu Léoncie yuko nyumbani. Nakwenda kumwambia afungue mulango."

Sebule ikabaki na masinia matatu yaliyojaa. Sijaona alikuwa uani na birika, anasafisha kinywa, anasoma astaghfirullah kati ya maji na maji. Nikamimina masinia yote ndani ya sufuria. Nikaifunika. Nikajaribu kuiinua. Sufuria ya watu thelathini haibebwi na mtu mmoja. Niliivuta hadi mlangoni kwa nguvu, ikakwaruza sakafu.

Mkono mwingine ukashika sikio la pili la sufuria. Mwanamwema alikuwa amejifunga kitenge kichwani kama mtu anayekwenda msibani.

"Usifikiri nakusaidia," alisema. "Sufuria ni ya kina mama wa musikiti. Ukiiangusha nitawaambia nini?"

Tukatoka.

Jumapili mchana Nyakabiga watu wote wako nje. Wa kwanza alikuwa Faruk kinyozi, kwenye benchi lake. "Eh, Tajudini! Karamu inatoka badala ya kuingia?"

"Nyama ina kasoro," nilisema.

Upande wa Mwanamwema ukashuka. Alikuwa ameweka sufuria chini katikati ya njia. Alikunja mikono, akaangalia mbele. Nilielewa.

"Faruk," nilisema, "jana nilimkuta mnyama amekufa, nikamkata, nikawaambia watu nimemchinja akiwa hai."

Kinyozi aliacha mdomo wazi. Mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, aligeuka aniangalie vizuri. Mwanamwema akainua upande wake. Tukaendelea.

Wa pili alikuwa Khadidja wa sambusa. Alinifanya nirudie mara mbili, maana sikio lake moja halisikii, na mara ya pili nilipaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara walisikia. Alisema, "Na mi nilitumiwa sahani, nimeiweka kwa kabati. Sijala." Akaingia ndani, akaileta imefunikwa, akaimimina kwenye sufuria yetu mwenyewe bila kuniangalia. Kisha wazee wawili wanaocheza bao. Kisha shemeji wa Faruk. Kisha mwanamke ambaye sikumjua kabisa, aliyeuliza kwa wema tu kama tunahitaji msaada wa kubeba. Huyo ningeweza kumwambia "asante, tumefika." Nilimwambia yote. Sijui kwa nini yeye ndiye alikuwa mgumu kuliko wengine. Labda kwa sababu hakuwa ananijua, na hilo ndilo jambo la kwanza alilolijua juu yangu.

Nilitegemea kwamba ukisema jambo mara nyingi linakuwa jepesi. Si kweli. Mikono ilikufa ganzi, jasho likaingia machoni, na kila mtu mpya lilianza upya, lote, kuanzia korongoni.

Kwa Fulgence mlango ulikuwa wazi. Léoncie, mke wake, alitoka akipangusa mikono kwa kanga. Fulgence alikuwa amekaa ndani, ametoa shati jeupe, amebaki na fulana. Kumbe hakuwa amemwambia habari ya nyama.

"Mungu wangu, mbona nyingi hivi?" Léoncie alisema. "Kwani nyinyi kwenu hamuli?"

Nilimwangalia Fulgence. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuwa tayari kuniokoa, na alikuwa na haki.

"Ni yenu," nilisema. "Mnyama wa jana alikufa kabla sijafika. Alikuwa wenu. Nilidanganya, nikamchukua."

Léoncie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipita kwa macho, akamtazama mke wangu, aliyekuwa bado ameshika sikio la sufuria.

"Dada, we umekula?"

"Bado," Mwanamwema alisema. "Toka jana usiku. Nilisema nitakula na wageni."

Sauti yake ilikatika kwenye lile neno wageni.

"Njoo ndani. Mi nimepika ndizi na maharagwe. Ni mafuta ya mawese tu, nyama haimo."

Akamshika mkono, akamwingiza. Nikaona Mwanamwema anakaa kwenye kigoda, anawekewa sahani, anasema bismillahi kwa midomo, anaanza kula. Alikula haraka, kichwa chini, kama mtu mwenye njaa kweli. Léoncie alikuwa anahamishia nyama kwenye masufuria yake madogo, moja baada ya moja, ili ile kubwa ibaki tupu.

Fulgence alinisogezea kiti kwa mguu. "Kaa."

Sikukaa. Nilisimama pale mlangoni, watu wanapita nyuma yangu, nikingoja sufuria ioshwe.